Picha Moja ya Zainabu

Kindu, 14 Januari 2024

Mama mdogo Rachida,

Nakuandikia nikiwa kwenye baraza ya mjomba Masudi, na salaam za kaka yako huyo zitangulie zangu, maana ameamuru hivyo. Bado anakohoa asubuhi, bado anakataa kwenda kupimwa. Alisema ni vumbi la pikipiki, litaondoka mvua zikikolea. Mvua zimekolea na kikohozi kipo. Anauliza kama panya wa mwaka jana wamerudi kwenye mpunga wako. Mimi ni mzima, ila situlii. Nakaa, nasimama, naenda hadi mlangoni, narudi, hata mjomba ameniuliza kama kiti changu kina siafu.

Sababu naijua, na ndiyo inayonifanya niandike.

Mwaka huu pale shuleni wamenipa darasa la tano, wasichana thelathini na mmoja, Kifaransa na insha. Insha zao zilikuwa zote za kunakili: jua linachomoza, ndege wanaimba, mama anatwanga. Nikachoka. Nikaanzisha zoezi. Kila msichana alete picha ya kawaida kutoka nyumbani kwao, ya harusi, ya kitambulisho, yoyote. Tunaitazama kwa namna ambayo haitambuliki tena, inabaki rangi na maumbo tu, halafu tunaandika tunachokiona. Na mimi naandika pamoja nao. Mwisho wa mwaka tutasoma maandishi yetu mbele ya wazazi.

Wote thelathini na mmoja walileta. Mimi, mwalimu wao, nilileta picha ya mfuko wa saruji niliyoikata kwenye kalenda ya mjomba. Msichana mmoja, Fifi, mwenye ulimi kama wako, akaniuliza, "Madame, kwenu watu hawapigi picha?" Darasa likacheka, nikacheka nao.

Mama mdogo, naomba picha ya mama yangu. Ile moja. Mjomba anasema uliondoka nayo mwaka 2002 na hujatengana nayo. Nina miaka ishirini na minne na sijawahi kuuona uso wa mama Zainabu. Nimekuomba kwa mdomo mara tatu, na mara tatu zote kulikuwa na wali unaungua jikoni. Ndiyo maana sasa naandika. Barua haina jiko.

Florentin wa treni ataipokea kwako. Ifunge kwenye plastiki.

Mwanao,
Latifa

*

Kibombo, 20 Februari 2024

Mutoto wangu Latifa,

Barua yako imenifikia juzi. Treni ilikaa porini siku kumi na mbili. Florentin anasema walikula mihogo ya kijiji hata wanakijiji wakatamani kuisukuma ile treni kwa mikono yao. Mi niko muzima. Goti linauma, lakini goti njo umri, ndiyo uzee. Mupunga tumevuna, panya walichukua sehemu yao na sisi yetu. Mwambie Masudi aende hospitali, asinifanye nipande treni kwa ajili ya matanga yake, nitakosa hata hayo matanga.

Sasa hii kazi yako. Nimesoma mara mbili. Muntu anavaa, anajipaka mafuta, anasimama bila kupumua ili sura yake itoke vizuri. Foto inatoka, iko na macho, iko na pua. Halafu mwalimu aliyesoma hadi chuo kikuu anatafuta namna ya kuiondoa ile sura. Kwa nini? Kama ni rangi unataka, tazama vikwembe sokoni, vile vitenge vya wanawake. Foto muzima usiiharibu. Hujui wengine wangetoa nini ili ya kwao iwe muzima.

Foto ya mama yako iko. Iko ndani ya sanduku. Funguo sijui niliiweka wapi tangu tulipopaka nyumba chokaa. Nikiipata nitaona.

Na wali ulikuwa unaungua kweli.

Mama yako mudogo,
Rachida

*

Kindu, 3 Machi 2024

Mama mdogo,

Safari hii treni imekuja haraka, labda wanakijiji waliisukuma kweli. Mjomba alikwenda hospitali kwa sababu ya maneno yako ya matanga. Wamempa dawa, anainywa akitazama ukutani kama mtoto. Mvua imeng'oa bati moja la jiko. Mengine ni yaleyale.

Umeniuliza kwa nini. Nimekaa na neno hilo wiki nzima.

Hatuharibu chochote, hiyo kwanza. Wachache wenye simu nzuri wanaipiga picha yao tena kwa karibu sana, wanaivuta mpaka inabaki doa. Wasio na simu, ndio wengi, nimewafundisha kutoboa karatasi tundu la ukubwa wa punje ya mahindi. Unaiweka karatasi juu ya picha, unaisogeza polepole, mpaka ufike mahali ambapo hujui tena unatazama nini. Hapo unasimama. Hapo unaandika. Ukiondoa karatasi, picha iko vilevile na nyumbani hawajui kama ilitoka.

Nikimwambia msichana aandike habari za baba yake, ataandika kwamba baba ni nguzo ya nyumba. Fifi aliweka tundu lake juu ya picha ya harusi ya wazazi wake, akaona barabara nyekundu katikati ya uwanja mweupe. Akaandika ukurasa mzima juu ya mtu anayetembea kwenye barabara ile, kila siku anaiona nyumba yake na hafiki. Nilipomwambia aondoe karatasi, ilikuwa tai ya baba yake. Na baba yake, mama mdogo, yuko kwenye machimbo ya Kabambare mwaka wa nne sasa, haandiki. Nilimkalisha pembeni, nikamuuliza kama alikusudia. Akasema, "Mimi sikumtaja baba, Madame. Ile barabara njo ilimtaja."

Hiyo ndiyo sababu yangu. Macho na pua vinatuzuia kuona.

Lakini mimi sina hata hayo macho na pua ya kunizuia. Mjomba anasema mama alikuwa mrefu. Jirani anasema alikuwa wa kadiri. Mmoja ananiambia alikuwa mweusi, mwingine maji ya kunde. Ninachojua kwa hakika ni kile ambacho kila mtu anakijua: mwaka 2002, mji ukiwa umezungukwa na watu wenye silaha na hakuna chakula, alivuka mto na wanawake wengine kwenda kutafuta muhogo kwenye mashamba ya Alunguli. Wengine walirudi, yeye hakurudi. Mwili haukuonekana. Hata kaburi la kusimama mbele yake sina. Nimechoka na mama wa kukisia.

Kama unaogopa nitaiwekea tundu, naahidi sitaigusa. Nitaitazama tu. Kufuli la sanduku linavunjwa kwa jiwe.

Latifa

*

Kibombo, 28 Aprili 2024

Latifa mutoto wangu,

Huku wote wazima. Mbuzi alizaa wawili, mumoja amekufa. Goti lilelile.

Nimevunja kufuli. Foto ndiyo hii. Ni mama yako Zainabu kwa mupiga foto, mbele ya ile nguo iliyochorwa maporomoko ya maji. Itazame, umshukuru Mungu, uirudishe kwa Florentin.

Usiionyeshe watu wengi.

Rachida

*

Kindu, 12 Mei 2024

Mama mdogo wangu,

Sijui nianze na salaam zipi. Sote wazima, wazima sana.

Florentin alinipa bahasha pale stesheni, sikuifungua. Nilitembea nayo nyumbani nikiwa nimeibana kwapani, nikapita watu walionisalimu bila kuwaitikia; kesho nitaomba radhi. Nimeketi nayo kitandani tangu mchana.

Kumbe alikuwa hivi. Anasimama kama mtu aliyeitwa jina lake kwa sauti kali akaamua kutogeuka. Mkono mmoja uko juu ya mgongo wa kiti, lakini haukiegemei. Hacheki. Na kidevu ni chako, nimekitambua mara moja, nikafurahi kwamba kumbe miaka yote nilikuwa nakiona kidevu cha mama yangu kila ulipogeuka kutazama sufuria.

Nilimpelekea mjomba. Aliishika muda mrefu, akaisogeza kwenye mwanga. Akasema, "Ndiyo. Ni dada yangu." Akanirudishia, akatoka nje kukohoa. Nadhani ni uchungu, nimemwacha.

Treni bado haijaondoka, wanatafuta kipuri fulani. Nitaiacha barua hii wazi niongeze.

15 Mei

Treni bado iko. Afadhali, maana barua ya juu siyo barua ninayotaka uipate peke yake.

Nimevunja ahadi. Juzi niliiwekea tundu. Nilijiambia mara moja tu, nipate cha kusoma na wasichana. Nikasogeza karatasi juu ya bega, pale kikwembe kilipotupwa, nikaona kwenye ardhi ya buluu safu ya watu wadogo wa njano wamebeba mizigo kichwani, wanavuka daraja. Wa kwanza mnene, wa mwisho wawili wamekaribiana kama wanaonong'onezana. Mama mdogo, niliandika kurasa mbili bila kuinua kalamu. Sijawahi kuandika vile. Nilimwandika mama akiwa wa tatu kwenye ile safu, akigeuka.

Leo nikawasomea wasichana. Kisha Fifi akaomba aione picha yenyewe. Nikampa, nikiwa na majivuno. Aliigeuza juu chini, akaisogeza karibu na macho, akasema, "Madame, hawa si watu. Ni maandishi, yamepinduka tu. Njo kikwembe cha Nane Machi, cha elfu mbili na sita. Mama yangu iko nacho bado, anafungia mihogo."

Nilimnyang'anya. Nikasoma mwenyewe. Siku ya wanawake, nane Machi, 2006.

Unajua kama ninavyojua kwamba kila mwaka wanatoa kikwembe chake na mwaka wake umechapwa juu. Hakuna anayeweza kukivaa kabla hakijachapwa. Mama alivuka mto mwaka 2002. Kwenye picha hii amesimama mwaka 2006, miaka minne baadaye, amevaa kikwembe kipya, amepaka mafuta.

Alikuwa hai. Alikuwa wapi? Nani alimpiga picha hii, na nani alikuletea? Kwa nini nilifundishwa kumwombea dua kama marehemu? Mimi mwaka 2006 nilikuwa darasa la kwanza hapa Kindu, najifunza kuandika jina lake kwenye karatasi za shule, penye nafasi ya mama, na mjomba ananiambia niongeze "marehemu".

Nijibu kwa treni hiihii.

Latifa

*

Kindu, 30 Juni 2024

Mama mdogo,

Treni imekwenda na kurudi mara mbili na Florentin hana kitu cha kunipa. Nimekupigia simu, unasema hunisikii, kisha inakatika. Mimi nilikuwa nakusikia vizuri, na kuku wako pia.

Mjomba hakohoi tena, ndiyo habari ya nyumbani. Mengine sijui, sikai nyumbani.

Nimevuka kwenda Alunguli mara nne. Nimetafuta wanawake waliovuka naye siku ile. Wawili wamekufa. Wa tatu haoni vizuri, nilimwekea picha mkononi akaipapasa, akaniuliza ni karatasi ya nini. Nimeuliza wavushaji wa mitumbwi, nimeuliza wauza samaki wanaotoka Lokandu. Nawaonyesha. Nawaambia, huyu, mwaka 2006, mmewahi kumwona? Mwanaume mmoja akasema amemwona, Kailo, sokoni, anauza chumvi. Nilipanda pikipiki siku hiyohiyo. Kailo hakuna anayemjua. Nilikaa pale sokoni mpaka wakafunga, natazama wanawake wa umri wake usoni mmoja mmoja, hadi mmoja akaniuliza kama namdai kitu.

Mjomba nikimuuliza anasema, muulize Rachida.

Sikuandika tena tangu zile kurasa mbili. Wasichana walisoma mbele ya wazazi wao bila mimi. Naanza sentensi na inageuka swali. Kama alituacha kwa hiari yake, niambie, nitavumilia. Kama alinikimbia mimi, niambie hilo pia. Lakini usiniache nikitazama nyuso za watu sokoni.

Latifa

*

Kibombo, 21 Julai 2024

Mutoto wangu,

Acha kutafuta. Usivuke tena ule mto. Yule wa kwenye foto ni mimi.

Naandika hivi mwanzo kabla ya salaam kwa sababu Florentin ameniambia ulikwenda hadi Kailo. Amesema umekonda. Mimi nilifikiri umekasirika tu, na hasira nilikuwa nimeikubali. Sikufikiri utamfufua.

Ni mimi, mwaka 2006, hapa Kibombo. Ilikuwa Nane Machi ya kwanza tuliyotembea barabarani bila kuogopa, wanawake wote na kikwembe kimoja. Masudi alikuwa amekuchukua kwenda shule Kindu, miezi sita ilikuwa imepita. Nilikwenda kwa mupiga foto peke yangu. Ilipotoka, shemeji akasema, Zainabu amerudi. Njo maana nilichagua hiyo. Niliitazama hata nikaona hakuna atakayejua. Sura nilikumbuka, kidevu nilikumbuka. Maandishi ya kikwembe sikuyakumbuka. Mwanamuke muzima, kikwembe chake mwenyewe kimemusemea.

Masudi usimgombeze. Nilimupigia nikamuomba asiseme.

Sasa ya kweli. Iko ndani ya bahasha hii, katikati ya karatasi mbili ngumu. Nilikuambia sanduku, funguo, kufuli. Sina sanduku. Inakaa ndani ya Kurani ya baba yetu.

Kindu kulikuwa na Gérard, mupiga foto karibu na stesheni. Wakati mji umefungwa dawa zake za foto zilikuwa zimekwisha, alibaki na ile mashine moja inayotema foto hapohapo, na karatasi chache. Mama yako alikwenda Jumanne, akampa Gérard bakuli la sombe, yale majani ya muhogo, ndiyo chakula tulichokuwa nacho siku ile, mimi niligomba. Foto ikatoka. Hiyo mashine haiachi nyuma kitu chochote, ni ile moja, basi. Ijumaa akavuka mto. Akaniambia, nishikie.

Tulimungoja siku tisa. Ya kumi nikakuchukua, tukaingia mutumbwi wa kuteremka Lokandu kwa watu wa baba yetu. Foto niliifunga kiunoni ndani ya kikwembe. Asubuhi, karibu na kisiwa cha mchanga, wakapiga risasi kutoka ukingoni. Muvushaji akaruka. Mutumbwi ukalala. Maji yalinifika shingoni. Tulitoka.

Lokandu niliianika juu ya jiwe. Sura ndiyo iliondoka kwanza, ilitoka na kidole changu nilipotaka kupangusa maji. Nikaacha, nikakaa nikitazama rangi zinakimbiliana. Nimeifungua kila mwaka, nikifikiri labda nilitazama vibaya.

Unaelewa sasa barua yako ya kwanza ilinifanya nini. Umeniandikia kwa furaha kwamba umegundua namna ya kuondoa sura.

Aliniambia nishikie kitu kimoja.

Rachida

*

Kindu, 9 Agosti 2024

Mama mdogo,

Mjomba anakusalimu. Nilimgombeza hata hivyo. Nilimwambia alinidanganya machoni. Akajibu, "Mimi nilisema ni dada yangu. Sikusema yupi." Kisha akaketi chini kabisa, kwenye sakafu, sijawahi kumwona akiketi sakafuni, nikaacha.

Nilikuwa nimekasirika, nataka ulijue hilo. Siku tatu baada ya barua yako nilimwombea mama dua tena, upya, kama aliyekufa wiki hii. Mara ya kwanza sikuwa na akili ya kulia. Hii ya pili umenipa wewe.

Kisha nikaifungua ile ya kweli.

Nimefundisha wasichana thelathini na mmoja kuondoa nyuso ili waone. Nilikuwa na maneno mengi juu ya jambo hilo. Picha hii haihitaji tundu, maji yameshafanya kazi yote, na ni nzuri, Mungu anisamehe, ni nzuri kuliko zote tulizotengeneza. Nimekaa mbele yake na kalamu siku sita. Sina hata neno. Naona rangi ni rangi. Huenda ni kwa sababu sikuwepo. Nilikuwepo, lakini nilikuwa na miaka mitatu, na sikumbuki hata baridi ya maji.

Kwa hiyo nairudisha. Ilikabidhiwa wewe.

Lakini naomba kitu. Fanya zoezi. Sikuombi unisimulie, nikikuomba unisimulie utaniambia goti linauma. Iweke mezani, itazame mpaka usahau ni picha ya nani, halafu andika unachokiona. Usimtaje mtu kwa jina. Usirekebishe chochote. Fifi aliweza, na Fifi hajui hata kuweka nukta.

Na swali moja, kwa sababu nimesoma barua yako mara nyingi. Wewe ni mtu ambaye sijawahi kumwona akiangusha hata mfuniko. Umeandika maji yalikufika shingoni na picha ilikuwa kiunoni. Ulikuwa na muda wa kuitoa, kuinua mkono. Mikono yako ilikuwa wapi?

Latifa

*

Kibombo, 1 Oktoba 2024

Mutoto wangu Latifa,

Foto imefika, haikukunjwa. Wote wazima. Mvua zimeanza, tunapanda. Karatasi yako nimeiacha mezani wiki tatu nikiizunguka. Jirani ameniuliza kama ni karatasi ya mahakama. Leo nimefunga mulango. Naandika kama ulivyosema, ukicheka shauri yako.

Juu iko manjano, kama mawese yaliyoganda. Inashuka upande mumoja, inakuwa hudhurungi. Katikati kulikuwa na buluu, buluu imekimbia yote kuelekea chini, imekusanyika kwenye kona kama watu wanaoogopa. Pale ilipotoka pamebaki weupe. Weupe si mutupu, iko na mistari midogo, inakwenda yote upande mumoja.

Ile mistari ni maji yanayokwenda.

Ndani ya weupe iko alama nyeusi, nyembamba juu, inapanuka chini. Ni mwanamuke amesimama ndani ya maji. Maji yako shingoni. Hana mikono. Nimetafuta mikono yake kwenye foto nzima, nimepeleka mpaka dirishani, haiko. Iko juu zaidi, imetoka nje ya karatasi.

Chini ya maji kikwembe kinafunguka. Anakisikia kinafunguka. Anajua iko nini ndani, anajua kukifunga tena kunahitaji mukono moja, kidogo tu, muda wa kukohoa. Anahesabu. Mukono moja hautoshi kwa kile kitu kilicho juu, kinarusha miguu, ni kizito kuliko umri wake, kimepoteza kiatu na kinataka kiatu. Anasema, dada, ngoja. Dada hangoji, kikwembe kinakwenda na maji, anakikamata kwa goti. Foto iliyobaki ni ile goti ilishika.

Mikono haikushuka. Umeuliza, nimejibu.

Kuna kitu kingine kwenye foto, pale juu, mwisho wa manjano, karibu na pembe. Kidogo. Nilikuwa sikioni miaka yote, nilikuwa nachungulia sura tu. Ni duara, limefunguka, kama kinywa. Si kinywa cha yule mwanamuke.

Mule majini ulikuwa unaita mama. Kwa nguvu, karibu na sikio langu, mama, mama. Watu wa ukingoni wangesikia. Sikuwa na mukono wa kukuziba.

Nikaitika.

Rachida